Lala Juu, Chota Chini: Kambi ya Ziwani na Punda

Wiki hii msomaji mmoja wa upande wa Magu kanitumia picha. Punda wawili wamefungwa kwenye kisiki kando kabisa ya maji, Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria imetulia nyuma yao, jua linazama, hema limesimama hatua 10 tu kutoka kwenye mawimbi. Picha nzuri kweli. Chini yake kaandika kwamba asubuhi yake punda jike hakula, akasimama kainamisha kichwa mpaka saa 5, na wenyeji wakamnywesha nusu chupa ya mafuta ya kula. Anauliza mawili: kosa lilikuwa wapi, na je, kwa kambi za namna hii si afadhali atafute farasi?

Kosa linaonekana kwenye picha yenyewe. Punda kalazwa mchangani na kulishiwa mchangani. Najua wapo wanaoniita mzee wa turubai kwa sababu ya kurudia jambo hili. Sawa, mniite.

Punda akikosa nyasi ndefu hufuata zile fupi za ufukweni, huzing'oa na mizizi yake, na kila mzizi unakuja na mchanga. Ukimmwagia pumba chini ndio umemaliza kabisa, maana atalamba hadi punje ya mwisho. Mchanga ni mzito kuliko chakula, hautoki pamoja nacho. Unatuama kwenye sehemu ya chini ya utumbo mpana, safari baada ya safari, kama tope linavyotuama chini ya tenki. Ukiwa kiasi, unakwaruza ukuta wa utumbo na punda anaharisha. Ukizidi, unaziba, tumbo linasokota, na punda hana uwezo wa kutapika. Usiku mmoja kwa kawaida hauleti balaa. Ndiyo maana watu hawaamini: punda kalala ufukweni mara tano bila shida, ya sita anagoma kula, lawama zinakwenda kwa nyasi za siku hiyo.

Kuna kipimo cha kujua, na kinahitaji chupa tu. Kata shingo ya chupa ya maji ya lita 1 na nusu. Okota mabonge 6 ya mavi mapya, ukichukua ya juu ya rundo, yale ambayo hayajagusa ardhi, vinginevyo utapima mchanga wa ufukweni badala ya ule wa tumboni. Yavunje ndani ya chupa, jaza maji hadi lita 1, koroga kwa kijiti, kisha uache dakika 20 bila kuigusa. Nyuzi za nyasi zitaelea au kuning'inia katikati. Mchanga utashuka chini na kuweka mstari. Inamisha chupa taratibu uuone, halafu sugua kidogo kati ya vidole: mchanga unakereza, tope linateleza. Chembe chache si neno. Ukifika kijiko cha chai, safari imeisha, rudi nyumbani. Ila elewa kipimo hiki kina upande mmoja: mchanga ukionekana, upo, usipoonekana, haina maana kwamba haupo, kwa sababu siku nyingine tumbo halitoi kitu.

Dawa ni kulishia juu ya kitu. Turubai la mita 2 kwa 3 linatosha punda wawili, kingo zimeinuliwa kwa mawe ili chakula kisimwagike nje. Beseni la plastiki punda hulipindua kwa pua. Tairi kuukuu la gari lililokatwa nusu na kuzibwa chini ni bora mara kumi, ingawa ni zito kubeba. Punda wa kilo 150 anahitaji kama kilo 2 hadi 3 za nyasi kavu au mabua kwa siku. Beba kutoka bara, usitegemee ufukwe. Majani ya mpunga kutoka majarubani yanafaa. Mabua ya mtama yawe makavu kabisa; machipukizi mabichi ya mtama yana sumu. Na mahindi yaliyoshika ukungu usimpe hata kiganja kimoja. Ukungu ule huozesha ubongo wa punda na farasi, na hakuna daktari atakayeurudisha.

Sasa kambi. Kanuni ni kulala juu na kuchota chini. Tafuta tambarare yenye udongo mgumu na nyasi, hatua 150 au zaidi kutoka kwenye maji na juu yake kiasi cha mita 3 hivi. Ukanda wote wa kutoka Kayenze kwenda Magu hadi Nassa una vilima vya mawe vinavyoshuka karibu na ziwa, kwa hiyo mahali pa namna hii hapakosekani. Kinachokosekana ni subira ya kupatafuta. Fika saa 10 jioni. Jua linazama saa 1 kasoro, na kambi ya punda inayopangwa kwa tochi hupangwa vibaya. Wala usiende kwa kumbukumbu za zamani. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, fukwe nyingi zilimezwa, na mahali palipokuwa na mchanga mweupe sasa unaweza kukuta matete.

Palipo na matete, tazama njia za kiboko. Utaijua kwa umbo: mifereji miwili ya miguu na tuta katikati, kama barabara ya trekta, na mavi yaliyotapanywa kwenye vichaka kwa urefu wa kiuno. Kiboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi alfajiri kwa njia ileile. Akikuta hema au punda kati yake na maji, hazunguki. Kaa hatua 100 kando ya njia hiyo, si karibu zaidi.

Mialo, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, pia ikwepe. Hapo kuna vipande vya nyavu vinavyonasa kwato, ndoana, na mifuko ya plastiki ambayo punda hula kwa sababu ya chumvi na harufu ya chakula. Halafu kuna dagaa walioanikwa. Punda mmoja akifunguka usiku akavuka kichanja cha dagaa, asubuhi utalipa ndoo kadhaa na utaambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata ukikaa mbali, pita kwanza kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe. Wao ndio wanaojua mamba alionekana wapi wiki hii.

Kuhusu maji: punda asishushwe ziwani. Anakunywa lita 10 hadi 25 kwa siku kulingana na jua na mzigo, kwa hiyo punda watatu ni madumu 3 ya lita 20, wakati mwingine 4. Chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama juu ya jiwe, usiingie majini, na usichote mahali pamoja saa ileile kila siku, kwa sababu mamba hujifunza ratiba ya watu na mifugo. Punda ni mchaguzi wa maji. Ndoo iliyobeba samaki au sabuni ataigomea hata kama ana kiu, na punda asiyekunywa huku anakula mabua makavu anajitengenezea kizibo tumboni. Ndoo yake iwe yake.

Ninyi wenyewe mna kichocho cha kuogopa. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini mchana, vingi zaidi jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Havina uhai mrefu nje ya konokono: maji yaliyochotwa na kukaa kwenye dumu saa 48 bila konokono ndani yanafaa kuogea. Ya kunywa chemsha. Kama huna siku mbili za kusubiri, chemsha hata ya kuoga, na acha ile tabia ya kuogelea saa 6 mchana eti kwa sababu maji ni maangavu. Uangavu hauhusiani na kichocho.

Kufunga ndiko kunakoharibu safari nyingi. Vigingi vya chuma vya sentimita 40 havishiki kwenye udongo wa ziwani. Punda anavuta mara mbili, ya tatu anaondoka na kigingi, na sasa ana chuma kinachomgonga miguuni gizani. Ukilazimika kufunga penye udongo laini, tumia gunia. Jaza gunia mchanga kilo 20 hadi 30, funga kamba katikati ya tumbo la gunia, chimba mfereji wa nusu mita, lilaze humo kwa ubavu, fukia, kanyaga. Hata dume haling'oi. Asubuhi unafukua, unamwaga mchanga, gunia linarudi kwenye mzigo.

Bora kuliko hapo ni kamba ya juu, kati ya miti miwili au kati ya mti na jiwe, kimo cha mita 2, imekazwa barabara. Kila punda anafungwa kwenye kamba hiyo kwa kigwe kinachofika usawa wa magoti yake, si zaidi, maana kikigusa chini mguu utanasa. Acha mita 3 kati ya punda na punda, lakini marafiki wawili waliozoeana usiwatenganishe kwenye ncha mbili. Watalia usiku kucha na wewe hutalala. Ukizungushia kamba kwenye jiwe, weka gunia lililokunjwa katikati. Mawe ya huku yana meno, yanakata kamba ya nailoni kama msumeno kabla ya saa 8 usiku. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja. Na mtu mmoja awe macho kwa zamu. Wizi wa punda kwa ajili ya ngozi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda, ila mwizi wa usiku hasomi maazimio.

Mzigo nitaupita haraka. Kilo 40 hadi 50 kwa punda wa kilo 150, soji zote mbili, yaani mifuko ya mzigo ya ubavuni, zipimwe kwa mizani ya kuning'iniza zisitofautiane hata kilo 1, na chini ya tandiko kuwe na mito miwili iliyoshindiliwa majani ikiacha uti wa mgongo wazi kwa upana wa vidole 4. Jioni kagua manyoya: mahali pakavu katikati ya jasho ndipo kesho patakuwa na kidonda.

Punda akigoma kula, usisubiri agaragare. Farasi hugaragara, punda husimama tu, masikio yamelegea, pua karibu na ardhi, na wewe unadhani kachoka. Ondoa chakula, acha maji. Weka sikio ubavuni nyuma ya mbavu, usikilize dakika nzima kila upande. Tumbo lenye afya linanguruma, kimya ni ishara mbaya. Tafuta mshipa chini ya taya, hesabu mapigo kwa dakika 1. Kawaida ni 40 hadi 50. Yakikaa juu ya 60 ilhali kapumzika, piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mtembeze polepole dakika 10 ukipenda.

Mafuta ya kula kwa chupa, hapana. Punda aliyeinuliwa kichwa na kumiminiwa mafuta huyavuta kwenye mapafu, na anayepona tumbo anaweza kufa kifua siku kadhaa baadaye. Daktari huyapitisha kwa mpira wa puani hadi tumboni. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na kwa kuwa tumefika kwenye dawa za kujitafutia: dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitraz isimguse punda. Inalaza utumbo, chakula kinakwama. Soma kibandiko, usiambiwe na jirani.

Swali la farasi sasa. Kaka, farasi anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, mchanga unamdhuru vilevile, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, wale wadogo wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa kwenye udongo wenye unyevu. Farasi asiye na kinga akiupata, uwezekano wa kufa unapita 70 kati ya 100. Punda huupata pia, mara nyingi kwa homa ndogo tu ambayo hata huioni. Kambi ya usiku kando ya ziwa ndiyo saa na mahali pa usubi. Ukipeleka farasi pale, umempeleka mezani.

Kuhusu huyo jike wako: msikilize kifua kwa wiki nzima, na akikohoa, akitoa uchafu puani au akipumua kwa nguvu, daktari amwone. Mpe nyasi kavu juu ya turubai, maji safi muda wote, na kijiko kimoja cha chumvi ili anywe zaidi. Rudia kipimo cha chupa kila baada ya siku 3. Asitwikwe soji hadi chupa itoke safi mara 3 mfululizo, hata kama ile safari ya Lamadi mmeshawaahidi watu.