MBA au masta ya fani yako? Na ng'ombe wa baba wasubiri kwanza

SWALI: Mwangaluka mama, na shikamoo. Mi nina miaka 32, nakaa Igoma, nina digrii ya ununuzi na ugavi na CPSP, kile cheti cha bodi cha wataalamu wa ununuzi, nimeshamaliza. Huu mwaka wa saba niko kiwanda cha minofu hapa hapa Mwanza upande wa manunuzi, yaani sangara wakiingia usiku mi ndo niko kwenye mzani. Sasa nataka kusoma masta, ya jioni maana kazi siwezi kuacha. Mke wangu anasema nisome masta ya ununuzi na ugavi niwe bingwa kabisa kwenye fani yangu, bosi wangu anasema MBA, ile masta ya uendeshaji wa biashara. Lengo langu nije kuwa meneja wa kiwanda. Hela niliyonayo inatosha masta moja tu, nisome ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mkeo mpe hongera maana anakuwazia mema, ila kwa hili mi niko na bosi wako na ntakwambia kwa nini.

MBA ilianza chuo cha Harvard kule Marekani mwaka 1908, kipindi ambacho kampuni zao za reli na viwanda zimeshakuwa kubwa mpaka mwenye mali hawezi tena kusimamia kila kitu kwa macho yake, wakatakiwa watu wa kuendesha kampuni nzima. Kazi yake mpaka leo ndo hiyo. Utasoma uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, uchumi, mikakati, hutatoka bingwa wa hata kimoja ila utajua kila mtu pale ofisini anaongea nini na kwa nini anabisha. Hizi masta za fani zenyewe zinachimba kisima kimoja mpaka maji, ukisoma ya ugavi utakaa na mikataba na makadirio ya mahitaji na hesabu za stoo, ukisoma ya fedha utakaa na uwekezaji na hatari za mikopo mpaka uzijue kama njia ya kwenu.

Sasa nisikilize. Mwaka 1999 mi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja Ilemela, Umoja wa Ulaya ukafungia samaki wa Ziwa Victoria kisa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Meneja wetu wa manunuzi alikuwa fundi hasa, mitumbwi ya Ukerewe anaijua mmoja mmoja, barafu itaisha saa ngapi anajua, akifunua shavu la sangara akaangalia wekundu wake anakwambia huyu katoka majini jana asubuhi na ni kweli. Siku zile ufundi wote ule haukuwa na pa kwenda. Kwenye kikao maswali yalikuwa mengine kabisa, benki tunaiambia nini, akina mama wa kuchuna minofu tunawalipa na nini mwisho wa mwezi, maabara na ukaguzi tunaviwekaje sawa, nani aende Dar kuongea na wizara, na tukipata mnunuzi nje ya Ulaya bei yake italipa hata umeme wa vyumba vya baridi? Yule mzee alikaa kimya mpaka kikao kikaisha. Mi nilikuwa pembeni naandika na niliumia sana maana alikuwa na akili kutuzidi wengi mle ndani, ila hakuna aliyewahi kumfundisha lugha ya mlango wa pili, yaani ya idara nyingine. Na meneja wa kiwanda ndo kazi yake hiyo, kuongea na milango yote.

We mlango wako umeshaujua. CPSP unayo, PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, inakutambua, miaka saba kwenye mzani unayo, masta ya ugavi itakuongezea kweli ila sehemu kubwa watakufundisha vitu ambavyo jana usiku umevifanya kwa mikono yako.

Ila usiniamini mi kwa maneno tu. Chukua transkripti yako ya digrii, omba chuo wakupe orodha ya masomo ya masta zote mbili, kaa mezani na penseli uweke karatasi pembeni kwa pembeni, kila somo ambalo umeshalisoma au unalifanya kazini kila siku likate. Nilifanya hivi na mtoto wa dada yangu, mhasibu mwenye CPA, cheti cha bodi cha uhasibu, tulikata masomo ya masta ya uhasibu mpaka akaanza kunyamaza, yakabaki matatu na utafiti. Hajapenda siku ile lakini ada aliyookoa aliipenda.

Alafu tafuta matangazo kumi ya kazi ya kile kiti unachokitaka, meneja wa kiwanda, meneja wa uendeshaji, soma wameandika wanataka masta ya nini na hesabu. Hili watu wengi hawalifanyi, wanasoma kwanza ndo wanatafuta kiti.

Kuna mahali ningekwambia kinyume, nisije nikakudanganya. Ungeniambia unataka kufundisha chuo au kufika PhD ningekwambia kasome ya fani yako na uangalie ina utafiti wa kuandika, maana vyuo vinataka masta inayoendana na unachofundisha na GPA yako wanaiangalia. Ungekuwa mtumishi wa halmashauri kwenye kitengo cha manunuzi na unataka kupanda humohumo, pia ya ugavi ingekufaa zaidi. Na kama mkeo bado moyo unamuuma kuna vyuo ukisoma MBA unachagua eneo la kuegemea mwaka wa mwisho, sasa we usiegemee ugavi mwanangu! Egemea fedha. Najua fedha ndo inawatisha watu wa manunuzi, wanajua kilo na tani ila ukiwauliza mtaji wa kuzungusha umekwama wapi wanamwangalia mhasibu. We fikiria tu kiwanda chako, hela inatoka leo cash kwa wavuvi na mawakala, mteja wa ng'ambo analipa baada ya wiki kadhaa, katikati hapo ndo kiwanda kinapumua au kinakata roho. Somo hilo litakukaa haraka kuliko mtu yeyote darasani kwako kwa sababu ile hela inatoka mbele ya macho yako.

Mambo madogo: hapa Mwanza una pa kuulizia, SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, Chuo Kikuu Huria wana kituo cha mkoa, nenda kwa miguu yako usiulize kwa simu. Uliza ada yote mpaka ya utafiti na mahafali, hizo ndo zinakuja kushtua watu mwishoni. Hakikisha TCU, tume ya vyuo vikuu, wameithibitisha hiyo programu yenyewe sio chuo tu, na kama ni chuo cha nje kwa mtandao ndo usilipe hata mia kabla hujajua TCU watakitambua cheti chake. Na ongea na bosi zamu zako zibadilike, maana huwezi kukesha na sangara alafu jioni ukaelewa takwimu, utasinzia na hela yako.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza digrii ya biashara, BBA, mwaka jana na GPA 3.9, kazi bado. Baba yupo Magu, anasema atauza ng'ombe niunganishe MBA moja kwa moja nisikae bure nyumbani. We unaonaje?

JIBU: Marahaba binti yangu. Naona hapana, na nasema hivyo kwa upendo wote.

BBA na MBA ni ndugu wa tumbo moja, masoko uliyasoma, rasilimali watu umesoma, ukiunganisha sasa hivi ni kuchemsha majani ya chai yaleyale mara ya pili. Alafu MBA nusu ya utamu wake ni watu mliokaa nao darasani. Mimi nilipoisoma, baadaye sana, kulikuwa na nesi, injinia wa maji, dada wa benki, mwalimu akileta kisa cha kampuni iliyokwama kila mmoja anaongea alichokiona kazini kwake. Wewe ungeongea nini, mwanangu? Ndo maana vyuo vikubwa vya nje MBA yao wengi wanaoingia wameshafanya kazi miaka minne au mitano hivi.

Kama ni lazima usome sasa, soma kitu kitakachokupa ufundi wa mkono. Anza mitihani ya CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, unalipia ngazi moja moja na ng'ombe mmoja anatosha kuanzia, au masta ya fani kama ya uhasibu na fedha ambayo haidai uzoefu sana. Na wakati huo nenda ukajitolee popote wanaposhika vitabu vya hesabu, hata kwa mwenye duka la jumla Makoroboi ambaye mauzo yake yote yako kwenye daftari moja lililochakaa, mwombe umpangie mauzo na madeni ya miezi mitatu.

Baba mpe shikamoo zangu, mwambie ng'ombe wabaki zizini kwanza. Ukishamaliza hiyo miezi mitatu niandikie tena, nataka kujua ulikuta nini kwenye lile daftari.