Jibu: 5h7 na 7p5 hazisikiki

Habari ndugu. Umesema kwenye gitaa noti za kawaida unazipiga vizuri, ila kwenye 5h7 (hammer-on: unapiga freti ya 5, kisha kidole kingine kinagonga ya 7 bila kupiga tena) noti ya pili inakufa, na 7p5 (pull-off, kinyume chake: kutoka ya 7 kurudi ya 5) haitoki kabisa. Freti ni nafasi kati ya vyuma vilivyopita kwenye shingo ya gitaa.

Kwanza angalia waya: mstari wa juu wa tablatura (maandishi ya gitaa yenye mstari mmoja kwa kila waya) ni waya mwembamba, ule ulio karibu na sakafu ukishika gitaa. Mimi niliusoma kinyume wiki nzima.

Kwa 5h7, piga mara moja tu. Kidole cha shahada kibaki kimebana freti ya 5, cha pete kishuke kwa ncha kwenye ya 7, karibu kabisa na chuma cha freti hiyo. Kinachotoa sauti ni kasi. Nilipokuwa nakandamiza polepole, waya ulizimika kila mara.

7p5 ndiyo iliyonitesa zaidi. Bana freti zote mbili kabla hujapiga. Kisha kidole cha pete usikiinue moja kwa moja, kivute kidogo kuelekea sakafu, kana kwamba kinakwanyua waya chenyewe. Ukikiinua tu, hakuna kinachoutikisa waya, ndiyo maana husikii kitu.

Anza taratibu mno, bila kutegemea ampli (kikuza sauti), mpaka noti zote mbili zilingane kwa sauti.