Mwajiri na wizi wa mfanyakazi nyumbani kwa mteja

Ndugu, umeuliza kama kampuni iliyomleta fundi nyumbani kwako inaweza kudaiwa fidia ya pete iliyopotea chumbani, ilhali yenyewe inajitetea kwamba haikumtuma mtu kuiba. Utetezi huo peke yake hauiokoi.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mahakama hutazama uhusiano uliopo kati ya wizi na kazi aliyokabidhiwa mfanyakazi. Katika kesi ya Morris dhidi ya C. W. Martin & Sons, iliyoamuliwa Uingereza miaka ya 1960, mfanyakazi aliyepewa vazi la manyoya la mteja alisafishe aliliiba, na kampuni ikawajibika kwa sababu yeye ndiye hasa aliyekabidhiwa vazi hilo. Hapo ndipo penye ugumu wako: fundi aliyekuja kurekebisha bomba la jikoni hakukabidhiwa pete, na kazi kumpa nafasi tu ya kuingia ndani kwa kawaida hakutoshi.

Hata hivyo, iko njia ya pili, ambayo naiona ina nguvu zaidi kwako, nayo ni uzembe wa kampuni yenyewe, kwa mfano ikiwa ilijua kwamba mtu huyo aliwahi kuiba kwa wateja na bado ikamtuma.

Toa taarifa polisi mapema, hifadhi risiti na picha za pete, kisha usome mkataba, hasa kifungu cha bima na kile kinachoweka ukomo wa fidia.