Chokoleti ya nyumbani kwa joto la Mtwara

Karibu kila anayeniuliza namna ya kutengeneza chokoleti nyumbani huwa ameshaona mapishi yaleyale kwenye simu: unga wa kakao, mafuta ya nazi, asali au sukari ya kusaga, koroga, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha. Na mimi nilianza na hayohayo. Ikitoka kwenye friji ni nzuri, inang'aa, ukiivunja inalia. Ukiiacha kwenye sahani ukaenda kumfungulia mgeni mlango, unarudi unakuta uji.

Mapishi hayo hayana kosa, ila yaliandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Jikoni kwangu hapa Shangani, mchana wa Januari, kipimajoto husoma 31, siku nyingine 32. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili tangu utotoni, maana chupa ya mafuta ya nazi kwetu ni maji mwaka mzima isipokuwa asubuhi chache za kipupwe. Nilihangaika miezi mingi kabla sijaiunganisha ile chupa ya bibi na sahani yangu ya uji.

Siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo ndani ya kakao yenyewe, huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti halisi hukaa ngumu kwenye sahani ikaja kulainika mdomoni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: nunua chokoleti nyeusi ya kupikia na usome karatasi yake nyuma. Ukikuta siagi ya kakao, hiyo ni chokoleti halisi. Ukikuta mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea mahali pake, hiyo ni ile ya kupambia keki. Hii ya pili haina ufundi mkubwa na hustahimili joto zaidi, ingawa ladha yake hubaki kama nta kwenye ulimi. Nikipata oda Desemba au Januari huitumia hii, na mteja namwambia wazi anachonunua.

Chokoleti halisi ina adabu zake. Ukiiyeyusha tu ukaimimina, itaganda ovyo: laini, bila mng'ao, na baada ya siku mbili itatoa madoa meupe. Hili nalikumbuka kwa uchungu. Nilipewa kazi ya harusi, vipande 200, kila kimoja na korosho juu. Niliyeyusha, nikamimina, nikajaza friji, nikalala kwa amani. Siku ya kupeleka, mama wa bibi harusi alifungua boksi la kwanza, akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi zimeota ukungu?" Haukuwa ukungu. Yalikuwa mafuta ya kakao yaliyopanda juu kwa sababu sikuyagandisha ipasavyo, na mtu angekula asidhurike. Lakini kwenye meza ya harusi maelezo hayo hayasaidii. Nilimrudishia fedha zake zote, na wiki ile nilinunua kipimajoto cha jikoni.

Sasa nafanya hivi. Nakatakata gramu 300 za chokoleti nyeusi, natenga gramu 100 pembeni. Zile 200 naziweka kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria yenye maji ya moto, moto umeshazimwa, na bakuli lisiguse maji. Nakoroga taratibu mpaka ifike nyuzi 45. Naliondoa bakuli, nafuta kitako chake kwa kitambaa kikavu, kisha natia zile 100 kidogokidogo huku nakoroga bila kuacha. Vile vipande vibichi ndivyo vinavyoifundisha ile iliyoyeyuka namna ya kuganda. Ikishuka mpaka 31 au 32 iko tayari. Ya maziwa ishushe zaidi, 29 au 30. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya kijiko uguse chini ya mdomo: ukisikia ubaridi kidogo umekaribia, ukisikia vuguvugu endelea kukoroga. Kisha paka kidogo kwenye kisu usubiri dakika tano. Ikikauka na kung'aa, mimina haraka.

Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapoingia. Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba 31 ndiyo hewa ya jikoni mchana. Chokoleti haiwezi kuganda kwenye chumba chenye joto sawa na lake, utakoroga mpaka mkono ufe ganzi. Mimi kazi hii naifanya alfajiri. Naamka saa kumi, na adhana inapotoka nimeshakatakata. Miezi ya Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma, jikoni hushuka hadi nyuzi 21, na hiyo ndiyo miezi yangu ya chokoleti halisi. Miezi mingine naifanya chumbani, feni ikiwa imezimwa na dirisha la upande wa bahari limefungwa, kwa sababu upepo wa baharini huja na unyevu.

Unyevu ni adui mkubwa kuliko joto. Tone moja la maji, au mvuke wa sufuria ya jirani, na chokoleti iliyoyeyuka inashikana ghafla ikawa kama udongo wa mfinyanzi. Usiitupe. Ongeza maziwa ya moto, kijiko baada ya kijiko, itafunguka na kuwa mchuzi wa kumwagia keki au maandazi, ila haitarudi kuwa chokoleti ya kumimina. Na ukitoa chokoleti kwenye friji ukaiacha wazi, hewa yetu huivalisha jasho papo hapo. Jasho hilo huyeyusha sukari ya juu na kuacha vumbi jeupe lenye kukwaruza. Iweke friji ikiwa ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana. Ukiitoa, usifungue mpaka chombo chenyewe kiache kutoa jasho nje.

Tuje kwenye korosho, maana kukaa Mtwara na kuagiza lozi kutoka mbali ni kujikosea. Nanunua zilizovunjika. Ladha ni ileile na bei ni ya chini, na ndani ya chokoleti hakuna anayeuliza kama ilikuwa nzima. Nazikaanga kwa moto mdogo mpaka zipate rangi ya mchanga wa ufukweni na nyumba nzima inukie, kisha naziacha zipoe kabisa. Korosho ya moto huharibu ule mpangilio wa chokoleti uliouhangaikia, na mbichi hutafunwa kama chaki. Kwa gramu 200 za chokoleti natia gramu 150 za korosho na chumvi ya kuokota kwa vidole viwili, halafu nachota kwa kijiko na kudondosha vilima vidogo juu ya karatasi ya kuokea. Ndiyo bidhaa yangu inayokwisha kwanza kila mara. Ufuta uliokaangwa nao unafaa sana, hasa na chokoleti nyeusi yenye uchungu.

Kashata ya nazi iliyochovywa nusu ni nzuri vilevile, mradi kashata iwe imekauka tangu jana. Kujaza chokoleti kwa tui, mimi naiacha kwa wanaokula siku ileile: tui halikai.

Kuna mwaka rafiki yangu alinipa kilo moja ya kakao kavu kutoka Kyela. Watu wengi hawajui kwamba kakao inalimwa nchini humuhumu, na kule Kyela wanaichachusha kwa siku kadhaa kabla ya kuianika, ndipo ladha ya chokoleti huanza kuzaliwa. Niliikaanga kama kahawa. Mwanzo ilitoa harufu kali kama ya siki, halafu ikageuka, jirani akaja kuuliza nani ameoka keki. Nikaimenya, nikapepeta maganda kwa ungo, nikatwanga kwenye kinu kilichopashwa moto. Baada ya robo saa ule unga ulianza kulowa wenyewe na kutoa mafuta, mweusi, unang'aa kwenye mchi. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini hata baada ya saa mbili za kutwanga ulimi ulikuwa bado unahisi mchanga. Ulaini wa chokoleti ya dukani hutokana na mashine zinazoisugua kwa saa nyingi, kazi aliyoianzisha Rodolphe Lindt wa Uswisi mwaka 1879. Kinu hakifiki huko. Kakao yangu niliipika na maziwa, iliki na mdalasini, na sijapata kinywaji kitamu kama kile. Ukipata kakao nzima, hayo ndiyo matumizi ninayokushauri.

La mwisho ni usafirishaji. Nikimtumia mteja wa Lindi, safari ni kilomita mia na kidogo tu, lakini buti ya basi ni tanuri. Natumia deli: chupa za maji yaliyoganda chini, taulo kavu juu yake, kisha vyombo vya chokoleti vilivyofungwa vizuri, na taulo jingine. Napakia basi la kwanza la asubuhi, kondakta namwomba aliweke ndani chini ya kiti. Kisha nampigia mteja: ukilipokea, nenda nalo nyumbani, litulie saa nzima kivulini, ndipo ufungue.