Kabla ya kununua mota, kivute kwanza kiberenge chako

Tulikuwa tunaunda kiberenge cha umeme cha kubebea mbao, kwenye kiwanda kimoja cha kupasua magogo nje kidogo ya Mafinga. Reli ni ya ndani, mita 300 tu, na nusu yake inapanda kuelekea stoo. Mimi nikaanzia pale ninapopapenda: mota. Nikanunua ya kilowati 3, nikijua nimemaliza. Betri zikawa zinaisha chaji kabla ya saa sita mchana.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya njia ya reli TAZARA. Nilimwamkia, akaitikia huku anakizunguka kiberenge, kisha akauliza, "Mwanangu, mmewahi kukivuta kwa mkono?"

Akaagiza mizani ya ndoana, ile ya kupimia magunia. Tukachomoa cheni, tukafunga kamba, tukakivuta taratibu penye tambarare. Pamoja na mzigo kilikuwa na kilo 500, na mizani ikasoma 7. Chuma kikizunguka juu ya chuma vizuri, kilo 1 au 2 zinatosha. Kumbe ekseli hazikuwa sambamba, ukingo wa magurudumu unasugua reli, na beringi moja imekauka hadi inalia. Tukanyoosha, tukatia grisi: 2. Umeme hatujaugusa bado.

Mlima sasa. Kupanda mita 2 kwa kila mita 100 kunaongeza kilo 10 kwenye mizani, na hizo hazitolewi kwa grisi. Jumla 12. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni kama wati 330. Weka na upotevu na nguvu ya kuondokea, kilowati 1 inakutosha.

Spoketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, nazo nilikosea. Mota ikilazimishwa kuvuta mzigo huku inazunguka polepole, ampea zinapanda, na zikiwa mara mbili, joto kwenye waya ni mara nne. Gurudumu letu la sentimita 30 linazunguka kama mara 177 kwa dakika, mota inataka 2,800. Gawanya mizunguko ya mota kwa 16, kwa hatua mbili za cheni.

Watu huniuliza kuhusu kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kushuka. Mwinuko wetu wote ni mita 3: hata kikishuka na mzigo ni wati-saa 4, hazichemshi kikombe cha chai. Hela hiyo tuliiweka kwenye breki. Ukungu wa Mufindi asubuhi unalowesha reli, magurudumu yanateleza. Kwa hiyo kopo la mchanga mkavu wa kunyunyizia reli halishuki kwenye kiberenge.