Sukiyaki Si Supu: Majibu kwa Wasomaji

Niliweka nyama, kabichi, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na lita mbili za maji, nikachemsha saa nzima, lakini ladha ilikuwa chapwa. Nimekosea wapi?

Umekosea kwenye maji, na wewe ni msomaji wa tano kuniletea kosa hilo hilo. Ulichopika ni supu, tena supu isiyo na viungo. Sukiyaki, chakula cha Kijapani cha nyama ya ng'ombe na mboga, hupikwa mezani, walaji wakiwa wamekizunguka kikaango kizito cha chuma chenye kina kifupi, na hupikwa kidogo kidogo kadiri watu wanavyokula. Huko Osaka na Kyoto, kipande cha mafuta ya ng'ombe hupitishwa kwenye chuma cha moto mpaka king'ae, ndipo hutandazwa vipande vitatu au vinne vya nyama, vikanyunyiziwa sukari, kisha sosi ya soya. Vipande hivyo vya kwanza huliwa papo hapo, kabla jani lolote halijaingia. Watu wa Tokyo hutanguliza warishita, yaani sosi ya soya iliyokwisha kuchanganywa na sukari, mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia) na sake (pombe ya mchele ya kunywa), halafu nyama na mboga huiva humo pamoja. Kabichi ya Kichina, uyoga na tofu hutoa maji yake yenyewe, na mchuzi ukikauka sana huongezwa vijiko viwili vitatu vya maji. Ndoo iacheni jikoni.

Nyumbani hatutumii pombe. Nimeambiwa mirini haina neno kwa kuwa pombe yote huruka motoni. Ni kweli?

Si kweli, sehemu yake hubaki. Mirini halisi ina pombe ya takriban asilimia 14, na sake huifikia au kuizidi, kwa hiyo ziacheni zote mbili bila majuto. Kwa watu wanne, changanyeni mililita 100 za sosi ya soya, mililita 150 za maji na vijiko vikubwa vinne vya sukari, mchemshe mpaka sukari iyeyuke, kisha muonje. Someni pia lebo ya sosi yenyewe, kwa sababu ile iliyochachushwa huwa na pombe kidogo na viwanda vingine huiongeza.

Mbona nyama yangu hutafunika kama mpira?

Kwa sababu uliikata vipande vya mchuzi. Nyama ya sukiyaki ni nyembamba, milimita mbili hivi, na hakuna mkono unaoweza kuikata hivyo ikiwa laini. Mwombe muuzaji sarara nzima, isiyoguswa na panga lake, pamoja na kipande cha mafuta, kwa kuwa ng'ombe wetu wa malisho hawana yale mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama ambayo Wajapani huyalipia fedha nyingi. Iweke kwenye friza saa moja au mbili, hadi ukiibonyeza kwa kidole ibonyee kidogo tu. Itazame nyuzi zake zinaelekea wapi, kisha pitisha kisu kwa kuzikata, wala si kwa kuzifuata. Ikishaingia kikaangoni, igeuze wekundu unapoanza kutoweka, na ukiisha wote itoe. Anayesubiri nusu saa "ili ilainike" atapata huo mpira anaoulalamikia.

Je, ni lazima kuchovya kwenye yai bichi?

Hapana. Japani mayai husafishwa, hukaguliwa na kuandikwa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi. Trei ya dukani kwako haina ahadi hiyo, na salmonela, bakteria wa kuharisha, hawajali kwamba umealika wageni. Yai lipo ili kupoza nyama na kupunguza utamu. Figili nyeupe iliyokunwa hufanya kazi hiyo vizuri, hasa palipo na watoto, wazee au mjamzito.

Sukiyaki na shabu-shabu si kitu kimoja?

Hapana. Shabu-shabu ni nyama nyembamba inayochovywa katika maji ya moto yasiyo na utamu, na sosi yake hukaa pembeni.

Mume wangu anasema hiki ni chakula cha kale sana. Tunabishana.

Umeshinda. Kwa karne nyingi Wajapani wengi walijiepusha na nyama ya ng'ombe. Mwaka 1872 ilitangazwa kwamba Mfalme Meiji ameila, na vyungu vya nyama, chanzo cha sukiyaki ya Tokyo, vikashamiri Yokohama na Tokyo.

Naweza kupikia sebuleni kwa jiko la mkaa?

Usithubutu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu waliofunga madirisha kwa sababu ya baridi au mbu. Tumia jiko la umeme, au lile dogo la mkebe wa gesi, dirisha likiwa wazi. Kikaango kisiwe kipana kiasi cha kuufunika mkebe, kwani joto linalorudi chini huweza kuulipua.

Mchuzi unaobaki niumwage?

Tia udoni, tambi nene za ngano, zilizokwisha kuchemshwa, ziache dakika tatu zinywe mchuzi, kisha gawa.