Ukifanyia kazi nyumbani, cheo utakisikia kwa wenzako?

Mkuu, umeuliza kama ukikubali kufanyia kazi nyumbani moja kwa moja, utasahaulika wakati wa kupandishana vyeo. Mimi nasimamia timu kwenye kampuni kubwa na karibu nusu ya watu wangu wako majumbani. Hatari ipo, usidanganywe.

Kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, iliwapima wahudumu wake wa simu mwaka 2010 na 2011, Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford akiwa mmoja wa watafiti. Waliokaa nyumbani siku nne kwa wiki walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, ila ukiwalinganisha na wa ofisini wenye kiwango kilekile, vyeo viliwapita. Baadaye kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ikajaribu siku mbili tu nyumbani, katika utafiti wa watu 1,612. Matokeo yalichapishwa 2024: vyeo havikuguswa, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Kama una uhuru wa kuchagua, changanya.

Kwetu tatizo lilikuwa maamuzi ya koridoni. Kikao kimeisha, wa ofisini wanaendelea kuongea wakielekea kwenye lifti, kesho yake wa nyumbani anakuta mpango umegeuka. Tukakubaliana kwamba uamuzi usioandikwa kwenye faili la mradi haupo, na kwamba akiwepo hata mmoja wa mbali, kila mtu anaingia kikaoni kwa kompyuta yake, hata mliokaa meza moja. Hili la pili lilichekwa sana (na sauti zinarudiana kweli, vaeni spika za masikioni), lakini ndilo lililowafanya walio mbali waanze kufungua mdomo.

Wewe binafsi, kila Ijumaa mtumie bosi mistari mitatu: kilichoisha, kilichokwama, unachohitaji. Wengine watasema unajipendekeza. Waache. Siku ya tathmini mimi nafungua nilichoandikiwa, sina kumbukumbu ya watu wote.

Jambo lingine, usihamie mbali kwa ahadi ya mdomo. Amazon ilitaka siku tatu ofisini kuanzia Mei 2023, na tano kuanzia Januari 2025. Hata Zoom, yenye kuuza vikao vya mtandaoni, mwaka 2023 iliwaita wanaoishi karibu na ofisi zake siku mbili kwa wiki. Iandikwe kwenye mkataba kwanza, ndipo ufunge mizigo.